Deni la Mkeka

Kabla ya safari hii sikuwahi kuvuka Mto Rufiji. Nilizaliwa Temeke, nikakulia Temeke, na kwangu mimi kusini kuliishia Mbagala. Mtwara niliijua kwa korosho, kwa gesi na kwa mtu mmoja. Mtu huyo alipofariki, ikanilazimu niende kwao.

Nitamwita Somo, kwa kuwa ndivyo tulivyoitana maisha yetu yote. Tulichangia jina, naye alinizidi miaka michache, akanifanya mdogo wake. Alikuwa Mmakonde wa pwani, mwenyeji wa Msimbati, aliyeolewa akaletwa Dar es Salaam na hakuhama tena. Asubuhi alikaanga vitumbua mbele ya nyumba. Mchana, vyombo vikishaoshwa, alikaa barazani na furushi la miyaa akasuka ukili mpaka magharibi. Mtaani kwetu siijui nyumba isiyokuwa na kitu kilichotoka mikononi mwake: pepeo la jikoni, kawa la kufunikia chakula, kikapu cha sokoni, msala, mkeka.

Wala hakutoa ovyo. Somo alikuwa na jicho la kuona mtu amepungukiwa na nini kabla mwenyewe hajasema. Binti aliyepanga chumba cha uani alipojifungua na mwenziwe hayupo, Somo alimpelekea kimkeka cha kumlazia mtoto kwenye jua la asubuhi. Kisha akawa anapita kila siku kukitazama kama kinatumika, na kwa kupita huko akajua siku ambazo mzazi hakula. Mzee mlinzi wa ghala la jirani, aliyekuwa akisali juu ya boksi lililokunjuliwa, alipata msala. Mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni alipata kikapu chenye mfuniko, ndani yake mna sabuni, sindano na uzi. Mvua zilipoingia katika nyumba za bondeni, mikeka yake ilifika kabla ya msaada mwingine wowote. Na juu ya kabati lake palikuwa daima na mkeka mmoja mpya uliokunjwa, hauuzwi wala hauazimwi. Huo ulingoja msiba. Ukishatumika, alianza kusuka mwingine. Alipofariki yeye, tuliushusha ule tuliokuta.

Waliotaka kumlipa aliwajibu kwa maneno yaleyale: "Nalipa deni." Tulichukulia kwamba ndivyo asemavyo mtu mnyenyekevu, tukaacha. Hakuna aliyemuuliza ni deni gani na anadaiwa na nani.

Alizikwa Dar es Salaam. Ndugu zake wakaandaa hitima ya arobaini nyumbani Msimbati, na wanawe wakaniomba niwatangulie na mzigo mmoja: mviringo wa ukili aliokuwa akiusuka mpaka wiki aliyolazwa hospitali. Ulikuwa bado haujatimia mkeka. "Bibi atajua la kufanya," waliniambia. Nikaufunga ndani ya kanga, nikaondoka.

Basi la Mtwara lilitoka Mbagala Rangi Tatu kabla hakujapambazuka. Tulipita Kongowe na Mkuranga wakati wauza mananasi wanapanga mafungu yao, tukaingia Kibiti, kisha Ikwiriri, na mbele yake uwanda wa Rufiji ukafunguka. Daraja tulilopita linaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, Rais aliyetoka Lupaso wilayani Masasi, ambako pia alizikwa Julai 2020. Lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na wakati wa masika safari ya kusini ilikuwa haina ratiba. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa matope kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami. Ndiyo maana Somo alipoletwa Dar kama bibi harusi alikuja kwa meli.

Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa akirudi Newala, naye aliikumbuka pantoni. Alisimulia jinsi abiria walivyolala ukingoni, wengine usiku zaidi ya mmoja, wakigawana muhogo na maji. "Pale aliyekuwa na mkeka alikuwa na wageni," alisema. Alikuwa akinisimulia barabara, lakini mimi nilimwona Somo.

Nangurukuru, ambako njia ya Kilwa inachepuka, tulisimama kula. Kuanzia hapo nchi ikazidi kuwa na minazi na mikorosho, na kila kituo kikawa na vitu vyake dirishani. Lindi nilinunua ming'oko kwa mara ya kwanza. Ni mizizi myembamba inayochimbwa porini, huchemshwa kwa chumvi, ukaimenya kwa vidole na kula ikiwa ya moto. Yule mama alinifundisha namna ya kuishika isivunjike. Somo alikuwa akiitaja ming'oko kila mwaka ifikapo kiangazi, akisema Dar kuna kila kitu ila hicho. Nilifunga fungu moja nikijua hakuna wa kumpelekea, nikampa kijana aliyekuwa amesimama tangu Nangurukuru.

Baada ya Mingoyo, njia ya Masasi ilituacha ikaelekea magharibi, nasi tukashika ya pwani. Jua lilikuwa linashuka tulipofika Mikindani, na barabara ikazunguka ghuba karibu kabisa na maji. Mji huu ulikuwa bandari karne nyingi kabla Mtwara haijakuwa mji. Majahazi ya kaskazi yalileta nguo na vyombo, ya kusi yakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na watu waliouzwa utumwani. David Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Wajerumani walijenga boma mwaka 1895, na bado limesimama kilimani, siku hizi ni hoteli. Chini yake zipo nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine paa limeanguka na mlango wa nakshi umebaki.

Mikindani ilipitwa kwa sababu ghuba yake ina kina kifupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walibuni mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yakang'olewa. Mtwara ikabaki na barabara pana zilizopimwa kwa ajili ya jiji ambalo halikuja. Nilizipita usiku huo nikiwa nyuma ya bodaboda ya mpwa wake Somo, aliyekuja kunipokea stendi. Hakuniuliza safari. Alichukua lile furushi la kanga, akalipakata mwenyewe mbele ya tangi, akaendesha taratibu mpaka Magomeni kwa mama yake mdogo.

Asubuhi nilipelekwa soko la Chikongola. Ilikuwa Oktoba, korosho zimeanza kuanguka, na harufu ya mabibo ilikuwa kila mahali. Nje kidogo ya mji, Naliendele, kuna kituo cha utafiti wa korosho kinachojulikana Afrika nzima, na msimu huu ndio ambao mkoa wote huhesabia ada za shule na mabati. Lakini mimi nilitafuta mikeka. Ya plastiki ilikuwa mingi, imening'inizwa kwa rangi zote. Ya ukindu niliikuta kwa mama mmoja mwishoni mwa safu, mitatu tu, naye aliniambia kwamba wanunuzi wake ni watu wa harusi na watu wa misiba. Mkeka wa plastiki unaoshwa kwa maji na kukauka upesi, na bei yake ni nafuu. Mama yule hakulalamika. Alisema tu kwamba wa plastiki hakuna anayeuleta amesuka usiku kucha kwa sababu ya mtu.

Kwenda Msimbati tulipanda gari la abiria lililojaa magunia, madumu na kuku. Lami iliisha na mchanga ukaanza. Tulipita Madimba, kwenye kiwanda cha kusafisha gesi asilia, mabomba yake yaking'aa nyuma ya uzio. Gesi ya Ghuba ya Mnazi (Mnazi Bay) iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Dar imetokana na gesi ya kusini. Nilipoitazama mitambo ile nilifikiri juu ya usiku mwingi ambao Somo alisuka chini ya balbu ya barazani. Huenda sehemu ya mwanga aliosukia ilikuwa imetoka chini ya bahari ya kwao.

Msimbati ni rasi ndefu ya mchanga mweupe, mivinje ufukweni na mikoko upande wa ndani. Mbele, kuelekea Ruvula, maji yana rangi ambayo sikuwahi kuiona Dar. Tangu mwaka 2000 eneo lote hili, pamoja na visiwa vya Namponda na Mongo na mlango wa Mto Ruvuma, ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi ilianzishwa ili kulinda matumbawe, mikoko na kasa wanaotaga ufukweni, na kukomesha uvuvi wa baruti uliokuwa ukivunja miamba na nyumba za samaki kwa pamoja. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walikuwa mbali mwambani na vijiti vyao, wakitafuta pweza, na wengine wametanda uduvi kwa vyandarua vyao vya nguo.

Mama yake Somo alikuwa amekaa chini ya mwembe, katikati ya wanawake wengine wanaosuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu. Wewe ndiye somo wake?"

"Ndiye mimi, mama."

Alinishika mikono, akaigeuza, akatazama viganja. Kisha akaomba furushi. Nilipolifungua, wanawake waliacha kazi zao wakasogea. Walikunjua ule ukili kidogo kidogo, wakaupitisha mkono hadi mkono. Kila mmoja aliusugua ukingo kwa kidole gumba na kunyamaza, mpaka mmoja wao, mtu mzima aliyefundishwa pamoja na Somo utotoni, akasema kwamba mkono ni wake, hakuna shaka, maana hata alipokuwa msichana alikuwa akikaza upande wa kushoto kuliko wa kulia. Wakaupima kwa pima, mikono imenyooshwa. Ulipungua kidogo tu kutimia mkeka wa mtu mmoja.

Siku zilizofuata nilijifunza kwa macho kile nilichokiona barazani kwa miaka bila kukijua. Makuti ya mkindu hukatwa yangali machanga, kabla hayajafunguka. Huanikwa mpaka yageuke meupe, na umande wa usiku husaidia kuyalainisha. Ya kutiwa rangi huchemshwa na rangi ya unga, kisha huanikwa tena kivulini. Halafu huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu, nyuzi nyembamba zenye upana mmoja, na hapa ndipo fundi anapotofautiana na fundi, kwa kuwa ukili mzuri huamuliwa na uchanaji kabla haujaanza kusukwa. Ukili husukwa kama utepe mrefu na kuviringishwa. Ukitimia, hushonwa ukingo kwa ukingo kwa uzi wa miyaa na shazia, ukizunguka na kurudi, mpaka utepe ugeuke mkeka. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba mkeka wa kulalia watu wawili hula mwezi mzima wa jioni za mwanamke mwenye shughuli nyingine.

Usiku wa kuamkia hitima, wageni walipopungua, nilimuuliza mama juu ya lile deni.

Alinieleza bila haraka. Hakuzaliwa Msimbati. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilipoanza Septemba 1964, yeye alikuwa msichana mdogo. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam miaka miwili nyuma, na Wamakonde wa ng'ambo, ambao ndugu zao waliuawa Mueda mwaka 1960, walijua vita vitakavyokuwa. Maelfu walivuka mto kuja Mtwara. Mama yake alimfunga mdogo wao mgongoni, akamshika yeye mkono, wakavushwa usiku kwa mtumbwi pamoja na watu wasiowajua. Walifika upande huu hawana kitu, nguo zao zimelowa, wakatembea mpaka kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa na moto.

Mwenye nyumba alikuwa mjane. Hakuwa na chakula cha ziada. Alikuwa na mkeka mmoja, aliokuwa akiulalia yeye mwenyewe. Aliutandika sakafuni, akawaonyesha, akaenda kulala juu ya majani. Asubuhi alimfundisha mama mtu mahali unapoota ukindu. Miezi baadaye, mama yake alipomaliza kusuka mkeka wake wa kwanza katika nchi hii, aliupeleka kwa yule mjane ili amrudishie. Mjane aliukataa. Alimwambia kwamba yeye ameshapata mwingine, na kwamba watakuja watu wengine. Mkeka huu ni wao.

"Basi," mama akaniambia, "ndiyo ikawa sheria ya nyumba yetu. Mkeka wa kwanza wa binti haulali ndani."

Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na sheria hii nayo ilishuka njia hiyohiyo, kutoka kwa bibi aliyevuka mto kwenda kwa binti yake, na kutoka kwa binti yake kwenda kwa Somo. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, baadhi ya jamaa zao walirudi. Mama alikuwa ameshaolewa, akabaki. Somo alisuka mkeka wake wa kwanza hapahapa, ukaenda kwa mjukuu wa yule mjane alipozaliwa. Wa pili, na wa tatu, na yote tuliyoiona Temeke, iliendelea kulipa deni lilelile kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Ruvuma.

Kwa hiyo wema wa Somo, ambao sisi mtaani tuliuona kama tabia aliyozaliwa nayo, ulikuwa umefundishwa. Ulikuwa na kanuni. Kwanza, mpe aliye karibu yako leo, usingoje anayestahili zaidi. Pili, mpe kitu ulichokifanya vizuri, kwa kuwa mtu mwenye shida anajua kutofautisha kitu alichotengewa na kitu kilichotupwa. Tatu, usipokee malipo, ila mwonyeshe ukindu unapoota. Nikakumbuka kwamba wasichana watatu wa mtaani kwetu walijifunza kusuka kwake, na kwamba kila mmoja aliambiwa kazi yake ya kwanza aipeleke kwa mtu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa Msimbati ningeongeza kwamba moyo huo hulelewa, tena mapema, kwa mikono yenye kazi.

Hitima ilisomwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa upande wa barabarani, wanawake uani, wote juu ya mikeka. Kaka yake Somo alikuwepo. Yeye ni mchongaji na amefanya kazi miaka mingi katika kijiji cha wachongaji cha Mwenge, Dar es Salaam. Alinieleza kwamba uchongaji wa mpingo uliovuka mto huohuo katika miaka ya 1950, pamoja na mafundi kama Samaki Likankoa aliyeanzisha mtindo wa shetani, umepata jina duniani. George Lilanga, mwenyeji wa Masasi aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. "Sisi tunaandikwa vitabuni," alisema. "Dada yangu amefanya kazi ya mkono maisha yake yote, na kila alichofanya kimeisha kwa kulaliwa." Nilimjibu kwamba ndivyo Somo alivyotaka kitumike. Akakubali. Lakini maneno yake yananifanya niandike. Kazi ya wanawake wa pwani imelaza, imefunika, imepepea na imezika watu wengi kuliko sanamu yoyote, na haki yake ni kutajwa.

Kesho yake wanawake waliunga ukili. Aliyesuka kipande kilichobaki alikuwa binti wa dada yake Somo, msichana wa sekondari aliyerudi likizo. Kisha mama akashika shazia mwenyewe. Mjukuu mmoja alishauri mkeka utundikwe ukutani sebuleni, uwe kumbukumbu. Mama hakubishana naye. Alishona mpaka jioni, akakata uzi, akaukunja, akamwita yule msichana aliyemalizia ukili na kumtuma nyumba ya nne, kwa mke wa mvuvi aliyejifungua wiki ile. Mkeka ulikaa kwao chini ya saa moja baada ya kutimia.

Kabla ya kuondoka niliomba kuuona mto. Mpwa alinipeleka Kilambo kwa pikipiki, kupitia mashamba ya minazi na mpunga. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na kusafiri kilometa zipatazo 800 mpaka hapa, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mpaka waliuweka Wajerumani na Wareno; Wamakonde walikuwa na bado wako pande zote mbili, Newala huku na Mueda kule. Juu zaidi, Mtambaswala, lipo Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Kilambo nilikuta bado ni pantoni na mitumbwi, na pantoni ilingoja maji ya bahari yajae ndipo ivuke. Maji yalikuwa ya kahawia, mapana, yenye mkondo mkali katikati. Wenyeji walinionya nisisogee ukingoni kwa sababu ya mamba na viboko. Nilisimama nikajaribu kukadiria upana ule kwa mtoto anayevushwa usiku, ndani ya mtumbwi, asijue kuna nini ng'ambo.

Tangu mwaka 2017 vita vimerudi Cabo Delgado, na baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia tena upande huu wa mto. Nilimuuliza mama kama naye aliwapokea. Alisema wanawake wa kijijini walitoa walichokuwa nacho, na kwamba hakuna aliyefika kwake akalala chini. Hakusema zaidi, nami sikumdodosa.

Yapo mambo yanayotisha kazi hii. Ukindu ulio karibu umekatwa sana, na wasukaji hutembea mbali. Wasichana wako shuleni mchana, jambo jema, na jioni ndiyo imebaki kuwa saa ya kufundishwa. Plastiki ni rahisi. Mtwara pia imeahidiwa utajiri mkubwa mara nyingi, wa karanga, wa korosho, wa gesi, na kila ahadi huwavuta vijana kutazama mbali. Sina ugomvi na maendeleo hayo, na wenyeji wa kusini wana haki ya kufaidi kilicho chini ya bahari yao. Lakini familia ile iliyofika haina hata nguo kavu haikungoja utajiri ili iwe karimu. Ilianza na makuti.

Somo alifariki akiwa hana nyumba yake, hana akaunti ya kutajwa, na mtaa mzima ulifunga maduka siku ya kumzika. Wapo wengine kama yeye katika mitaa yetu, Mtwara na Temeke, Tanga na Mombasa. Waulizeni wangali hai: wamejifunza kwa nani, na deni lao lilianza wapi? Mpelekeni binti, na kijana pia, akakae kwenye baraza zao saa moja kila jioni. Na wewe uliyewahi kupewa kitu cha mkono siku uliyokuwa huna kitu, usihangaike kukirudisha kilikotoka. Jifunze kazi moja, ifanye kwa uangalifu, na ya kwanza mpe jirani ambaye hana cha kukulipa.